Saa ya Mfukoni Yenye Vito: Namna ya Kuisoma, Kuikagua na Kuitunza

Mpelekee sonara saa ya mfukoni ya zamani iliyopambwa almasi na lulu, ataiweka kwenye mizani akutajie bei ya gramu. Mpelekee mtu anayezifahamu saa hizi, hataitazama sana kwa nje. Ataomba ruhusa aifungue. Jiwe la nje linaeleza uwezo wa mnunuzi. Ujuzi wa fundi uko kwenye mawe ya ndani, yale madogo mekundu ambayo wengi hawajawahi kuyaona. Mwongozo huu ni kwa aliyerithi saa ya aina hii, au anayetaka kununua ya kwanza, na hajui aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: usitie ufunguo

Mtu akishapewa saa ya zamani mkononi, vidole vyake huanza kuzungusha taji, kile kitufe cha kujazia springi, aone kama inatembea. Jizuie. Mafuta ya saa hukauka baada ya miaka michache, na saa iliyolala kabatini tangu enzi za babu haina tena mafuta ya kulainisha chochote. Vumbi likichanganyika na mabaki hayo hukwangua vyuma kama msasa. Saa inayotembea katika hali hiyo inajila yenyewe.

Usiweke tone la mafuta ya cherehani, usipulizie dawa ya kutu, na usikubali fundi anayesema ataichovya kwenye petroli au mafuta ya taa halafu airudishe. Tuiache kwanza, tutafika kwenye matengenezo.

Vifaa vya ukaguzi si vingi: lenzi ya kukuza mara 10 wanayotumia masonara, tochi ndogo, tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti, dira, kitambaa cha pamba na simu ya kupigia picha. Tandika kitambaa juu ya meza, kaa mbali na feni, osha mikono na uikaushe. Jasho la vidole huacha alama kwenye chuma ambazo baadaye hugeuka kutu.

Hatua ya pili: kuifungua bila kuivunja

Kuna makasha ya bawaba, ambayo pembeni yana kijisehemu kidogo cha kuingiza ukucha au kisu butu cha plastiki. Kuna ya skurubu, hasa ya Marekani, ambayo hufunguka kwa kuzungushwa kwa kiganja kinyume cha mshale. Na kuna saa za Uingereza za karne ya 18 zenye makasha mawili, moja ndani ya jingine. Hizo unatoa kwanza kasha la nje, unafungua kioo, kisha unabonyeza kwa upole kilimi kidogo kilicho karibu na namba sita. Mashine yote huinuka ikining'inia kwenye bawaba yake upande wa namba kumi na mbili. Ukikosa kilimi hicho usilazimishe. Uso wa enameli, yaani wa kioo kilichochomwa juu ya chuma, ukipata ufa, hauzibiki ukarudi ulivyokuwa.

Ukikuta karatasi ya duara iliyobanwa kati ya makasha hayo mawili, itunze. Mafundi waliokarabati saa walikuwa wakiweka humo matangazo yao, na wengine waliandika tarehe ya kazi. Angalia pia mikwaruzo ya herufi na namba upande wa ndani wa kifuniko: ni kumbukumbu za mafundi wa baadaye, nazo huonyesha saa ilipelekwa kwa fundi mara ngapi.

Saa yenye kifuniko cha mbele hufungwa kwa kubonyeza taji, kukishusha kifuniko, kisha kuliachia. Kukifunga kwa kishindo namna wanavyofanya kwenye sinema hula ndoano yake, na baada ya muda kifuniko hakishiki tena.

Hatua ya tatu: mihuri ya kasha

Kasha na mashine ni vitu viwili vilivyotengenezwa na watu wawili, mara nyingi katika miji miwili. Mihuri iliyo kwenye kasha inakueleza habari za kasha tu.

Kwa Uingereza utaona mnyama au alama ya mji: kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, miganda mitatu ya ngano na upanga kwa Chester. Simba anayetembea ni alama ya fedha halisi. Taji na namba 18 ni dhahabu ya karati 18. Pembeni yake huwa na herufi moja inayotaja mwaka, na jedwali za herufi hizo zinapatikana bure mtandaoni. Uswisi iliweka mihuri yake ya kitaifa kuanzia miaka ya 1880: kichwa cha mwanamke Helvetia kwa karati 18, kindi kwa karati 14, dubu kwa fedha ya 0.875. Kichwa cha tai ni dhahabu ya Ufaransa.

Mtego unaowanasa wengi upo kwenye neno "cuivre" lililochongwa kwenye kifuniko cha ndani. Ni Kifaransa cha shaba. Kifuniko hicho ni cha shaba iliyopakwa dhahabu hata kama kasha lenyewe ni dhahabu tupu. Vilevile, kasha la Marekani lililoandikwa kwamba limedhaminiwa kwa miaka 20 au 25 si dhahabu; ni bati la dhahabu lililobandikwa juu ya madini ya bei rahisi, na miaka hiyo ilikuwa ahadi ya muda ambao bati hilo lingedumu kabla ya kulika.

Hatua ya nne: kiachio

Hapa ndipo penye kazi. Kila saa ya aina hii ina springi kuu inayotaka kufunguka kwa mara moja, na kifaa kinachoizuia na kuiachia kidogo kidogo. Nitakiita kiachio. Ukikitambua, umeshajua saa yako ni ya kipindi gani kwa kukadiria, na umeshapima nusu ya madai ya muuzaji.

Cha zamani zaidi ni veji. Mashine yake ni nene, imefungwa kati ya mabamba mawili, na gurudumu la mizani, lile linalozunguka huku na huku na kuipa saa mapigo yake, limefunikwa na daraja la shaba lililotobolewa nakshi za majani, ndege na wakati mwingine sura za watu. Kwa ubavuni utaona kipande chenye mifereji kiitwacho pia, kwa kuwa kina umbo la pia ya watoto, na mnyororo mwembamba unaokiunganisha na pipa la springi. Kazi ya pia ni kusawazisha nguvu, kwa kuwa springi iliyojaa huvuta kwa nguvu kuliko iliyokaribia kwisha. Tazama mnyororo huo kwa lenzi, pingili moja baada ya nyingine. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, mji wa Christchurch kusini mwa Uingereza ulikuwa kitovu cha kuitengeneza, na waliokuwa wakiigonga riveti zake zisizoonekana vizuri kwa macho matupu walikuwa wanawake na watoto. Majina yao hayapo kwenye uso wa saa yoyote.

Cha pili ni silinda, kilichopewa umbo lake na George Graham wa London kwenye miaka ya 1720. Kiliwezesha saa kuwa nyembamba, na karne moja baadaye Uswisi ilizimwaga saa za silinda duniani kote. Gurudumu lake la mizani huwa la shaba laini lisilo na skurubu pembeni.

Cha tatu ni leva, alichokibuni Thomas Mudge, mwanafunzi wa Graham, katikati ya karne ya 18. Saa aliyokitumia ilinunuliwa na Mfalme George III akampa Malkia Charlotte, na ingali katika mkusanyiko wa kifalme. Leva ndiyo iliyoshinda. Saa nyingi za mkononi za mashine zinaitumia hadi leo. Katika saa bora za mfukoni utaona gurudumu la mizani lenye skurubu ndogo kuzunguka ukingo, na ukingo wenyewe umekatwa sehemu mbili. Limeunganishwa kwa shaba na chuma ili joto likibadilika, umbo lijirekebishe lenyewe.

Muuzaji akikwambia saa yake ni ya mwaka 1750 nawe ukaona leva yenye gurudumu lililokatwa, mpe mkono wa kwaheri.

Hatua ya tano: kuhesabu vito vya ndani

Gurudumu la mizani la saa ya kawaida ya mfukoni ya mwishoni mwa karne ya 19 hupiga mara 18,000 kwa saa moja, sawa na mara 432,000 kwa siku. Ncha zake ni nyembamba kama uzi. Zikizunguka ndani ya tundu la shaba, shaba hulika, tundu likawa yai, na saa ikaanza kubabaika. Yakuti na almasi haziliki kirahisi hivyo, tena hung'arishwa zikawa laini kabisa. Tatizo lilikuwa moja tu: nani atatoboa tundu jembamba namna ile kwenye jiwe gumu?

Jibu lilitoka kwa Nicolas Fatio de Duillier, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akiishi London, pamoja na Peter na Jacob Debaufre, mafundi wa asili ya Ufaransa. Walipata hataza yao, yaani haki ya peke yao juu ya uvumbuzi huo, mwaka 1704. Walipoomba Bunge liwaongezee muda, chama cha mafundi saa wa London kilikuja juu, kikaleta saa ya fundi Ignatius Huggeford yenye jiwe katikati ya daraja la mizani, kuthibitisha kwamba jambo hilo halikuwa jipya. Ombi likaanguka. Baadaye sana saa ile ilipofunguliwa, ikaonekana jiwe lake lilikuwa pambo tupu; halikushika ncha yoyote. Ndiyo sababu ya kanuni ninayoisisitiza: jiwe lihesabiwe pale tu unapoiona kazi linaloifanya.

Kuhesabu kwenyewe kunakwenda hivi kwa saa ya leva. Mizani huwa na mawe manne: mawili yenye tundu na mawili ya kufunika, juu na chini. Jiwe la tano ni kile kijiti chekundu kinachopokea msukumo wa leva. La sita na la saba ni vidole viwili vya leva vinavyozuia na kuachia meno ya gurudumu. Hapo umepata 7, kiwango cha chini cha leva ya heshima. Ongeza mawe mawili kwa leva yenyewe na mawili kwa kila gurudumu kati ya matatu yanayofuata, ufike 15. Ukiongeza mawili ya gurudumu la katikati, 17. Zaidi ya hapo ni vifuniko vya ziada na pipa la springi. 21 na 23 ni saa za daraja la juu. Zikipita hapo, uliza maswali.

Saa za Uswisi huandika idadi hiyo kwenye kifuniko cha ndani: "ancre" ni leva, "cylindre" ni silinda, na "15 rubis" ni vito 15. Maandishi si ushahidi. Kulikuwa na saa za bei ya chini zilizoigiza saa za reli za Marekani, zikiwa na picha ya treni usoni na vioo vyekundu vilivyobandikwa juu ya bamba pasipo kitu chini yake.

Saa halisi za reli zilikuwa na masharti makali. Baada ya treni kugongana huko Kipton, Ohio, mwezi Aprili 1891, sonara Webb C. Ball alipewa kazi ya kusimamia saa za wafanyakazi wa reli. Masharti yaliyoenea baadaye yalitaka angalau vito 17, marekebisho katika mikao mitano (saa ikilazwa au kusimamishwa kwa namna tofauti), na tofauti isiyozidi sekunde 30 kwa wiki. Viwanda vya Waltham, Elgin na Hamilton vilizitengeneza kwa wingi, na namba iliyochongwa kwenye mashine hukupa mwaka wake kwa dakika moja ya kutafuta mtandaoni. Kwa anayeanza, hizi ndizo ningemshauri anunue: bei zake zinaeleweka, na vipuri bado vipo.

Usiote kuuza vito vya ndani. Vya zamani ni vidogo mno, na baada ya mkemia Mfaransa Auguste Verneuil kutangaza mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa moto, mawe haya yakawa bidhaa ya kiwandani.

Hatua ya sita: vito vya nje na enameli

Sasa geuza kasha. Mapambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1912 wafanyakazi waliokuwa wakibomoa nyumba mtaa wa Cheapside, London, waliibuka na hazina ya vito iliyofukiwa karne ya 17. Ndani yake mlikuwa na saa ya mwaka 1600 hivi iliyotiwa ndani ya zumaridi moja kubwa ya Kolombia. Geneva, ambako utawala wa mhubiri wa Kiprotestanti Calvin uliyabana mapambo ya anasa, masonara waligeukia saa, na kufikia mwaka 1601 mafundi saa wa mji huo walikuwa na chama chao chenye kanuni.

Kagua umbo la mawe. Almasi ya karne ya 17 au 18 mara nyingi imechongwa bapa chini na kuinuka juu kwa vipande vya pembetatu. Ukiona almasi ya duara yenye mchongo wa kisasa kwenye saa ya 1780, imebadilishwa. Si kosa la jinai, ila bei ishuke. Mawe mengi ya rangi yalikuwa vioo vilivyowekewa karatasi ya fedha kwa nyuma ili ving'ae, yakafungwa pasipo upenyo. Maji yakiingia humo karatasi huwa nyeusi na jiwe hufa. Hii ndiyo sababu ya kutoosha kasha la namna hii, wala kulitia kwenye mashine ya mtetemo ya masonara. Lulu nusu zinazozunguka ukingo huharibiwa na manukato, siki na joto.

Enameli ni unga wa kioo uliochomwa juu ya dhahabu au shaba. Wachoraji wa Geneva, kama ndugu wa ukoo wa Huaud mwishoni mwa karne ya 17, walichora rangi juu ya tabaka jeupe na kuirudisha tanuruni mara nyingi. Kila mchomo ulikuwa kamari, kwani ufa mmoja unaiua kazi yote. Baadaye mafundi wa Geneva walizoea kufunika picha kwa tabaka la kioo safi. Zima taa, washa ile tochi ya zambarau: sehemu iliyozibwa kwa rangi ya kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na enameli halisi. Pia inamisha kasha mbele ya dirisha ufuate mng'ao wake. Ukikatika ghafla mahali, pameguswa.

Hatua ya saba: jina

Nimeliweka mwisho makusudi, kwani wanunuzi wengi huanza nalo. Jina usoni mara nyingi ni la mwenye duka. Mashine ghafi za Uingereza zilitoka Prescot, Lancashire. Zikamaliziwa Clerkenwell, mtaa wa London, au mjini Coventry. Kasha likatoka kwa mwingine na uso kwa mwingine. Katika milima ya Jura ya Uswisi, familia za wakulima zilitengeneza sehemu majira ya theluji, mfanyabiashara akazikusanya.

Na kadiri jina linavyokuwa kubwa ndivyo lilivyoghushiwa. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefungua karakana yake Paris mwaka 1775, alianza kuigwa angali hai, hata kuanzia 1795 akawa anaweka saini ya siri usoni, chini ya namba kumi na mbili, nyembamba kiasi kwamba huonekana tu mwanga ukipiga kwa ubavu. Ubora wake ulikuwa ndani: alitumia silinda zilizochongwa kwenye yakuti, mahali palepale chuma kilipokuwa kikilika. Saa yake namba 160, iliyoagizwa mwaka 1783 kwa ajili ya Malkia Marie-Antoinette, ilikamilika 1827. Malkia alikuwa ameshauawa na Breguet mwenyewe ameshafariki. Iliibwa katika jumba la makumbusho Jerusalem mwaka 1983 na kupatikana zaidi ya miaka ishirini baadaye. Ukiuziwa "Breguet" kwa bei ya pikipiki, si yake.

Wasomaji wa pwani na wa Oman wataweza kukutana na saa zenye tarakimu za Kiarabu. Nyingi zilitengenezwa London na Uswisi kwa soko la dola ya Uthmaniya. George Prior na Markwick Markham ni majina yanayojirudia. Tarakimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba saa ilikuwa ya sultani yeyote.

Hatua ya nane: uzima wa mashine, kisha fundi

Ukiwa umeifungua, tazama ncha za gurudumu la mizani kwa lenzi. Liguse kwa kijiti cha meno, juu na chini, kwa wepesi. Linatakiwa kucheza kidogo mno. Likiyumba na kuegemea upande mmoja, mhimili umevunjika. Ni ugonjwa wa kawaida wa saa iliyoanguka, unatibika, lakini si kwa bei ndogo. Tikisa saa taratibu ikiwa imelala: mizani izunguke kwa uhuru na kurudi. Springi yake nyembamba iwe na mizunguko iliyoachana sawasawa. Ikiwa imegandana, huenda imeshika sumaku. Sogeza dira karibu, uone kama sindano inacheza. Namba zinazong'aa gizani kwenye saa za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipakwa radiamu. Usizikwangue, wala usiufungue uso wake nyumbani.

Unapochagua fundi, mwulize kama atabomoa mashine yote na kuweka mafuta tofauti kwa sehemu tofauti. Mwulize pia kama ameshawahi kushika pia na mnyororo. Akisita, kwa saa ya veji, shukuru na uondoke nayo.

Ikishatengenezwa, saa ya ufunguo ipewe ufunguo unaokaa sawa kwenye kijiti chake. Uliolegea huzungusha kona zake. Jaribu upande mmoja kwa upole, ikikataa geuza upande mwingine, na ukifika mwisho simama. Mishale isonge mbele tu. Mwaka mzima wa unyevu na chumvi wa Mombasa au Unguja hutosha kutia kutu mashine iliyo wazi, kwa hiyo itunze kwenye kisanduku kinachofunga, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, uvibadilishe vikilowa. Kasha usilisugue kwa dawa ya shaba: nakshi zikifutika na mihuri ikififia, umefuta ushahidi wote wa hatua ya tatu. Picha ulizopiga, zenye namba ya mashine na mihuri, zihifadhi mahali pengine mbali na saa yenyewe. Siku ikiibwa polisi watazihitaji, na siku ukiiuza mnunuzi makini ataziomba kabla ya kuuliza bei.